Nyumba ya Bayleaf

Kusini-mashariki ya London, katika jimbo la Kent, karibu na kijiji cha Chiddingstone, palikuwa na bonde la mashamba lililoitwa Bough Beech. Katika miaka ya 1960 kampuni ya maji ya East Surrey iliazimu kuligeuza bonde hilo kuwa bwawa. Ukuta wa bwawa ukajengwa, na mwaka 1969 kazi ile ilikamilika. Malisho, vichochoro na nyumba zilizokuwa chini ya kiwango cha maji hazikuwa na budi kutoweka. Miongoni mwa nyumba hizo ilikuwamo moja iliyoitwa Bayleaf. Mpita njia angaliiona nyumba kuukuu ya wakulima, yenye paa kubwa la vigae, na angaliendelea na safari yake. Lakini watu waliozoea kutazama miti ya nyumba za kale walijua kwamba ndani ya nyumba ile ilifichika nyingine, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 15, nayo ilikuwa nzima karibu mifupa yake yote.

Watu hao hawakuwa wengi. Mwaka 1967 kikundi kidogo kilichoongozwa na Roy Armstrong kilikuwa kimeanzisha jumba la makumbusho la namna ya pekee, lisilo na paa wala kuta, huko Singleton katika jimbo la Sussex. Majumba ya wafalme na makanisa ya maaskofu yalikuwa na watetezi wa kutosha. Hawa walijitwika kazi ya nyumba za watu wa kawaida, ambazo zilikuwa zikibomolewa kila mwaka ili kupisha barabara, miji mipya na mabwawa, wala hapakuwa na mtu wa kuzililia. Kampuni ya maji ikawapa Bayleaf, wakaichukua.

Ili tujue walichukua nini, yatupasa kwanza tuitazame nchi iliyoizaa nyumba hiyo. Weald ni jina la eneo pana lililo baina ya safu mbili za vilima vya chokaa, nalo limeenea katika Kent, Surrey na Sussex. Zamani lilikuwa msitu mkubwa, na hata ulipofyekwa ili kulimwa, miti mingi ilibaki kuzunguka mashamba. Mti uliostawi kuliko yote katika udongo ule mzito wa mfinyanzi ni mwaloni. Mawe mazuri ya kujengea yalikuwa machache na ya ghali. Mialoni ilikuwa tele. Kwa hiyo fundi mkuu wa Weald alikuwa seremala, na mwashi alikuja nyuma yake.

Sababu ya pili ni ya huzuni. Katika miaka ya 1348 na 1349 tauni iliingia Uingereza, ikaua watu wengi mno, baina ya theluthi na nusu ya watu wote kwa makisio ya wanahistoria. Waliosalia waliikuta dunia nyingine. Ardhi ilikuwa nyingi kuliko mikono ya kuilima, ujira ukapanda, na makabaila waliozoea kuwatumikisha wakulima kwa nguvu wakaanza kuwabembeleza wapangaji. Watawala walijaribu kuyarudisha mambo ya zamani kwa sheria na kodi, na mwaka 1381 wakulima wa Kent na Essex wakaasi na kuandamana hadi London. Maasi yalizimwa kwa ukatili, lakini utumwa wa shambani uliendelea kufifia. Katika miaka mia iliyofuata walitokea wakulima waliokuwa na ng'ombe, kondoo na akiba ya fedha, nao wakajenga. Nyumba zao zilikuwa imara hivi kwamba katika Kent peke yake mamia yangali yamesimama mpaka leo. Nyumba ya mkulima wa karne ya 13 karibu haionekani tena. Ya mjukuu wa kitukuu wake bado ina watu ndani.

Waliokaa Bayleaf hawakuwa hata wenye mali ile. Nyumba ilikuwa sehemu ya milki ya Bore Place, nao walikuwa wapangaji. Mtu azingatie jambo hilo anapoutazama ukubwa wake.

Sura ya nyumba ya namna hii, ambayo wajuzi huiita nyumba ya Weald, ni rahisi kuitambua. Katikati ni ukumbi, ulio wazi tangu sakafu ya udongo hadi kileleni mwa paa, bila dari yo yote. Kila upande wa ukumbi kuna sehemu yenye ghorofa, chumba juu ya chumba. Vyumba vya juu vimetokeza mbele kupita vya chini, kama kidevu kilichochomoza, hali ukuta wa ukumbi umebaki nyuma. Lakini paa ni moja tu, nalo limenyooka kutoka mwisho huu hata mwisho huu. Basi mbele ya ukumbi upenu huning'inia hewani, nao hubebwa na boriti iliyoegemezwa kwa mataruma mawili yaliyopinda. Mataruma hayo seremala hakuyapinda kwa moto. Aliingia msituni akatafuta mialoni iliyokua kwa kupinda, akaipasua katikati, akapata pacha. Sababu ya kutokeza vyumba vya juu imebishaniwa sana: wengine husema ni kwa uimara wa sakafu, wengine kwa kuongeza nafasi. Mimi nadhani majivuno yalikuwa na sehemu yake, kwa maana ujenzi huo ulitumia miti mingi zaidi, na jirani aliyepita njiani aliweza kuihesabu.

Kiunzi chenyewe hakikukaa juu ya udongo, ambao ungaliozesha miti. Kilikalia msingi mfupi wa mawe. Juu ya msingi ililazwa boriti, na juu ya boriti zikasimamishwa nguzo. Mti uliunganishwa na mti kwa ulimi na tundu: ncha ya mmoja ilichongwa ikawa ulimi, mwingine ukatobolewa tundu la kuupokea, kisha keekee ikapitishwa kwa yote miwili na kigingi cha mwaloni kikapigiliwa. Misumari ya chuma haikuwa na kazi katika kiunzi. Tena mialoni ilichongwa ingali mibichi, mara baada ya kukatwa, kwa kuwa mwaloni mkavu ni mgumu kama chuma na hutia patasi mapengo. Ilipokauka ikiwa mahali pake ilijikunja na kujinyonga, na viungo vikabana zaidi. Ndiyo sababu nyumba hizi huonekana zimepindapinda, na mgeni hudhani zimo mbioni kuanguka. Kupinda huko kulikwisha katika miaka ya kwanza. Tangu hapo hazikutikisika.

Miti ilikuwa mingi kiasi gani? Oliver Rackham, mwanachuoni aliyeichunguza misitu ya Uingereza kwa maisha yake yote, aliihesabu miti iliyomo katika nyumba moja ya shamba huko Suffolk, akapata kama 330. Lakini mingi yao ilikuwa myembamba. Watu wa kale hawakuufyeka msitu ili kujenga. Walichagua mti wenye unene uliohitajiwa, wakauacha mnene ukue, na visiki vikachipua vingine.

Juu ya ukumbi, kutoka ukuta hata ukuta, imekingama boriti nene, ambayo mafundi wetu wa Pwani wangaliiita mtambaapanya. Katikati ya boriti hiyo imesimama nguzo moja fupi, nayo hubeba mti mrefu unaopita chini ya makombamoyo yote na kuyazuia yasilale upande mmoja. Fundi aliweza kuiacha nguzo hiyo tupu, lakini kwa desturi aliichonga kwa ustadi, maana aliyekaa chini akiinua macho aliiona. Katika nyumba nzima ndilo pambo kubwa.

Chini ya nguzo hiyo, sakafuni kabisa, palikuwa na meko. Msomaji asifikiri habari ya ukuta wenye tundu la moto na dohani. Moto uliwashwa katikati ya ukumbi, na moshi ulipanda ukajaa paani, ukatafuta njia ya kutokea katika nafasi za vigae na penginepo. Mamaye nyumba alipika juu ya moto huo, na nyama ziliweza kutundikwa katika moshi zikakauka. Mtu aliyekaa kitini hakuumizwa sana na moshi ule, kwa sababu ulikaa juu ya kichwa chake, aliyesimama aliujua. Athari yake imebaki. Ukipanda darini katika nyumba ya Kiingereza inayoonekana kuwa ya karne ya 18, na ukakuta makombamoyo meusi kwa masizi, basi umekwisha jua kwamba chini ya miguu yako palikuwa na ukumbi wa kale na moto ulio wazi. Hakuna hati iwezayo kusema kweli kuliko masizi.

Ukumbi haukuwa mahali pa wote kukaa wapendavyo. Ulikuwa na upande wa juu na upande wa chini, ingawa sakafu ilikuwa sawa. Milango miwili mikubwa, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, ilikabiliana katika upande wa chini, na njia ya kupita baina yake ilikuwa na upepo na matope. Upande wa juu, mbali na milango, bwana wa nyumba aliketi nyuma ya meza na mgongo wake ukutani, akautazama moto, watumishi na kila aingiaye. Dirisha refu kuliko yote liliwekwa upande huo ili nuru imwangukie. Nyumba za makabaila zilikuwa na mpango huo huo kwa ukubwa zaidi, na mkulima wa Bayleaf aliuiga mezani pake.

Katika upande wa chini, ng'ambo ya njia ile, palikuwa na milango midogo ya vyumba viwili vya ghala. Kimoja kiliwekwa vinywaji, hasa pombe ya shayiri, kinywaji cha kila siku cha wakubwa na watoto. Kingine mikate na vyakula vikavu. Juu yake palikuwa na chumba cha kulala au cha kuwekea mali. Upande wa juu, nyuma ya mgongo wa bwana, palikuwa na chumba cha faragha, na juu yake chumba kizuri kuliko vyote, cha bwana na mkewe. Sehemu hii ya Bayleaf si ya umri mmoja na ukumbi: ni ya mwanzo wa karne ya 16, miaka sabini na mitano au zaidi baada ya ukumbi kujengwa. Hata choo kimo, kibanda kidogo kilichoning'inizwa nje ya chumba cha juu, chenye kiti cha mbao na tundu. Vitu viangukavyo vilianguka chini nje ya nyumba. Wageni wa shule wanaokwenda kuitazama nyumba hiyo hukisahau kila kitu isipokuwa kibanda hicho.

Madirisha hayakuwa na vioo, maana kioo kilikuwa kitu cha matajiri. Yalikuwa matundu yenye vijiti wima vya mwaloni, na ubao wa kuteleza au wa kukunja kwa kufungia usiku na wakati wa baridi. Neno lenyewe la Kiingereza la dirisha limetokana na maneno ya watu wa kaskazini yaliyokuwa na maana ya jicho la upepo, na katika majira ya Januari wakulima wa Kent walilielewa jina hilo barabara.

Kuta ni jambo ambalo msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa sana. Baina ya nguzo na nguzo zilisimamishwa fito za mwaloni, na fito nyembamba zaidi zikasukwa katikati yake. Kisha zikakandikwa kwa udongo uliochanganywa na mabua na samadi ya ng'ombe, na mwisho zikapakwa chokaa. Ni kiambaza kile kile tukijuacho. Tofauti ilikuwa katika kiunzi: kiambaza kilipochakaa kiliondolewa na kukandikwa upya, wala nyumba haikuhitaji kuguswa. Na tuseme hapa kwamba nguzo nyeusi kama lami juu ya kuta nyeupe, zile zionekanazo katika picha nyingi za nyumba za kale za Kiingereza, kwa sehemu kubwa ni mtindo wa karne ya 19. Mwaloni wa Kent ukiachwa peke yake huwa wa rangi ya majivu, na machoni pangu huo ndio uzuri wake.

Baina ya mwaka 1550 na 1650 hivi, nyumba karibu zote za namna hii ziligeuzwa. Matofali yalikuwa yamekuwa rahisi. Dohani ikajengwa ndani ya ukumbi, moshi ukafungiwa njia yake, na mara moto ulipopata dohani hapakuwa tena na haja ya kuuacha ukumbi wazi hata paani. Dari ikawekwa, vyumba vipya vikapatikana juu, vioo vikatiwa madirishani. Bwana hakuketi tena na watumishi wake kwa moto mmoja. Mabadiliko hayo yaliingia Bayleaf pia, na vizazi vilivyofuata viliongeza na kupunguza kama walivyotaka, mpaka kiunzi cha kale kikafunikwa.

Sasa turudi bondeni. Mafundi walianza kuivunja Bayleaf mwaka 1968, na neno kuvunja halifai. Vigae viliteremshwa, viambaza vikaondolewa, kila mti ukatiwa namba na kuchorwa mahali pake katika ramani, kisha vigingi vikagongwa vikatoka na ndimi zikachomolewa katika matundu yake. Katika kazi hiyo walikuta namba nyingine zilizowatangulia. Maseremala wa karne ya 15 hawakuichongea nyumba pale iliposimama. Waliitengeneza katika kiwanja chao, wakaiunga ikiwa imelazwa chini, wakachora katika kila kiungo alama za kuhesabia kwa mistari ya Kirumi, wakaifungua na kuipakia magarini hata shambani. Nyumba ya mti ya Kiingereza ilikuwa imefanywa iweze kufunguliwa. Laiti ingalikuwa ya mawe au matofali, maji yangaliimeza.

Umri wake umejulikana kwa miti yenyewe. Mwaloni huongeza pete moja kila mwaka, pana katika mwaka wa mvua na nyembamba katika mwaka wa ukame, na mfuatano wa pete hizo ni kama mwandiko: haurudiwi. Wajuzi hutoboa kijiti chembamba katika nguzo, wakalinganisha pete zake na mfuatano uliokwisha kujulikana wa karne nyingi, wakaupata wakati mti ulipokatwa. Na kwa kuwa mialoni ilichongwa ingali mibichi, wakati wa kukatwa ndio wakati wa kujengwa. Miti ya ukumbi wa Bayleaf ilikatwa baina ya 1405 na 1430, na ile ya sehemu ya juu kama 1505 hadi 1510.

Makumbusho yalifunguliwa kwa watu mwezi wa Septemba 1970, na mwaka 1972 Bayleaf ikasimama tena huko Singleton, kama kilomita 70 kutoka bonde lake. Lakini haikusimama kama ilivyokuwa siku ilipoondolewa. Dohani, dari ya ukumbi na maongezo ya karne za baadaye hayakurudishwa. Ukumbi uliachwa wazi tena, meko yakawekwa sakafuni, na ndani mkatiwa meza, vitanda na vyombo vilivyofanywa upya kwa mfano wa vile vya mwaka 1540 hivi.

Hapa ndipo watu wapendao nyumba za kale wagawanyikapo. Mwaka 1877 William Morris, mshairi na fundi mashuhuri, alianzisha chama cha kuyalinda majengo ya kale, na adui yake mkubwa hakuwa mbomoaji bali mtengenezaji. Wakati ule makanisa mengi yalikuwa yakirudishwa katika sura iliyodhaniwa kuwa ya asili, na kazi ya vizazi vya kati ikatupwa. Morris alisema kwamba jengo ni mali ya wote waliopita ndani yake na ya wote watakaokuja, na kwamba kazi yetu ni kuzuia mvua isiingie, kutengeneza kilichooza, na kuacha mengine. Kwa kipimo hicho Bayleaf ilikosewa: watu waliokaa humo kwa karne tatu na zaidi, wakiota moto wa dohani, wamefutwa. Wenye makumbusho nao walikuwa na jibu. Nyumba zenye dohani zipo kwa maelfu. Ukumbi ulio wazi, ambao mtoto aweza kuingia akauona moshi ukipanda, karibu haukuwapo po pote. Mimi naona jibu hilo lina nguvu kwa nyumba ambayo tayari ilikuwa imeng'olewa mahali pake. Kwa nyumba iliyosimama ardhini kwake lingekuwa jibu baya.

Na nyumba zisimamazo ardhini kwake ndizo nyingi. Serikali ya Uingereza ilichelewa kuzilinda. Sheria ya kwanza, ya mwaka 1882, ilihusu mawe na makaburi ya kale kabisa, na sheria ya 1913 haikugusa nyumba zinazokaliwa na watu. Watu wenye moyo walitangulia: mwaka 1896 chama cha National Trust kilinunua jengo lake la kwanza, nyumba ya Weald ya makasisi wa Alfriston huko Sussex, iliyokuwa karibu kuanguka, kwa pauni 10. Kwa sheria za 1944 na 1947, baada ya mabomu ya vita kuonyesha jinsi mji wa kale uwezavyo kutoweka kwa usiku mmoja, serikali ilianza kuandika orodha ya majengo yenye thamani. Mwaka 1968, mwaka ule ule Bayleaf ilipoanza kufunguliwa, ilikatazwa kubomoa au kubadili tabia ya jengo lililoorodheshwa bila ya idhini. Leo orodha ya Uingereza ina zaidi ya maandiko 370,000 katika daraja tatu, na karibu kila jengo la kabla ya mwaka 1700 ambalo halikuharibiwa sana limo. Mkulima aishiye katika nyumba kama hiyo huweza kuombea ruhusa hata ya kubadili madirisha, na wengine hunung'unika, si bila haki, kwamba wao ndio walipao gharama ya historia ya watu wote.

Bayleaf haikutoka peke yake bondeni. Jirani yake, jengo dogo la mti liitwalo Winkhurst, liliokolewa pia, nalo likatangulia kusimamishwa Singleton mwaka 1969. Waliolisimamisha walidhani ni nyumba ndogo, kipande cha ukumbi wa mkulima wa hali ya chini. Miaka ikapita, watu wakachunguza zaidi majengo ya Kent na Sussex, na wakaanza kuona kwamba halikuwa nyumba ya kukaa hata kidogo, bali jiko lililojengwa mbali na nyumba kubwa kwa kuogopa moto. Basi likafunguliwa mara ya pili, kigingi kwa kigingi, likapelekwa mahali pengine katika makumbusho yale yale, na tangu mwaka 2002 watu hupika humo.